Zamu ya Kulwa

Watafiti walipotuletea dawa mpya ya selimundu kliniki ya Shinyanga, walikuja na kila kitu: vidonge, mizani ya kisasa, hata maji ya chupa ya kunywa wenyewe. Walichosahau ni kuuliza pacha wanalelewaje kwetu. Jambo dogo tu, halimbabaishi mtu mwenye shahada tatu.

Doto, mtoto wa kaka yangu, ana selimundu. Kulwa, pacha wake, hana. Watoto wengine waliopewa dawa walianza kucheza mpira, lakini Doto aliendelea kulia kwa maumivu ya viungo na kulazwa. Daktari Gregory, mkuu wa watafiti hao, akahitimisha kwamba mwili wake unaikataa dawa, na wiki inayofuata angeondolewa kwenye utafiti ili nafasi apewe mwingine. Alisema kwa upole sana, utadhani anaahirisha mechi.

Nikasafiri kutoka Geita, nikafikia Ngokolo, palepale Shinyanga, kwa wifi yangu, Mama Kulwa. Asubuhi nikamwona mama yangu mzazi, mlinzi mkuu wa mila za ukoo, akimpa Kulwa kidonge.

"Mama! Mgonjwa si Doto?"

"Doto kameza jana. Leo zamu ya Kulwa. Pacha hawabaguliwi. Ukimnyima mmoja, utazika."

Hongera zetu. Sayansi ilivuka bahari, ikafika uani kwetu ikapangiwa zamu.

Nikawaburuta wote kliniki. Daktari akashika kichwa.

"Mama Kulwa, si nilikuuliza kila mara kama Doto anameza dawa?"

"Anameza, daktari. Hukuuliza anameza na nani."

Akaeleza, safari hii bila maneno ya kitabuni, kwamba dawa nusu haimsaidii Doto, na Kulwa inaweza kumdhuru. Mama yangu akamsikiliza kwa adabu zote. "Wabeja, baba," akashukuru, na usoni nikaona kabisa kwamba kesho ni zamu kama kawaida.

Doto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, anasaga meno kwa maumivu. Akafungua macho.

"Bibi, mbona maumivu hujampa Kulwa nusu?"

Hakuwa anabishana. Alitaka kujua tu. Mimi na mdomo wangu wote huu, nililia.

Mama yangu akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge vilivyobaki, akamwekea Mama Kulwa mkononi.

"Vyote vya Doto," akasema, kisha akatoka nje bila kutuangalia.