Pawa Saplai Nyepesi

Jumamosi ya kwanza ya Julai 2003, Kisilu alisimama mbele ya kaunta ya Ouma, fundi wa kompyuta pale Kitengela, akipima pawa saplai tatu, vile visanduku vya kuipa kompyuta stima, kwa mikono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua kabichi. Ile yake ilikuwa imeungua Jumatano, stima iliporudi kwa kishindo baada ya kupotea siku nzima. Ilitoa moshi kidogo na harufu kama ya samaki, basi.

"Pima vizuri," Ouma alisema. "Pawa saplai ni kama mbuzi wa soko la Bisil. Usiskize maneno ya muuzaji. Shika mgongo."

Ya kwanza ilikuwa mpya, na nzito kiasi kwamba Kisilu aliiinua kwa mikono miwili. Bei yake elfu tatu na mia tano. Ya pili ilikuwa imeng'olewa kwenye mashine iliyokufa katika ofisi fulani Nairobi. Feni yake ilikwaruza, na Ouma hakutaka kuahidi kwamba ingefika Krismasi. Ya tatu ilikuwa nyepesi kama kiberiti kitupu. Ubavuni ilibandikwa karatasi iliyosema wati mia nne na hamsini. Bei mia sita.

"Wati zote hizi zinakaa wapi, na ndani hakuna kitu?" Kisilu aliuliza.

"Wati ni za ukweli. Lakini hiyo haikuli stima yako. Inachukua kwa jirani."

"Kwa waya?"

"Waya ya nini? Inachukua mchana wake." Ouma alipuliza vumbi kwenye kaunta. "Na si jirani yeyote. Inafuata tu mahali wewe ushachukua kitu. Kama hujawahi kuchukua kitu ya jirani, haiwaki hata ukiipiga teke. Za aina hii nimeuzia watu watatu, na mmoja wao ni mzee wa kanisa. Wawili walirudisha, wakasema haiwaki."

"Mzee wa kanisa alirudisha?"

"Huyo bado anaitumia."

Kisilu alicheka kidogo. Tangu Januari, shamba la maua lilipopunguza makarani, kompyuta ile ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe Nzisa na mtoto wao Mulwa. Alichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, lakini zaidi alichapa makubaliano ya kuuza ploti, kwa maana miaka ile kila mtu Kitengela alikuwa anauza au ananunua. Jumatatu alitakiwa kukabidhi makubaliano manane. Alichukua ile nyepesi. Alijiambia kwamba isipowaka atairudisha na kukopa ya kuongezea anunue ile nzito, na isitoshe atakuwa amejua jambo fulani kuhusu nafsi yake. Alipofika nyumbani Noonkopir alikuwa ameshaanza kutamani isiwake.

Aliifunga kwa skrubu nne, akachomeka, akabonyeza. Iliwaka kabla hajaondoa kidole.

Ilikuwa saa tisa mchana. Aliangalia dirishani. Ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Naisenya, mama wa Seleyian, magharibi ilikuwa inaingia. Giza lilikuja mpaka kwenye nguzo za ua likasimama hapo, limenyooka kama kamba ya mpimaji. Upande wake nguo za Nzisa zilikuwa zinakauka juani. Upande ule kuku walikuwa wanapanda mtini kulala, na mbuzi waliokuwa mbali mbugani waligeuka wakaanza kurudi nyumbani. Naisenya alitoka nje na ukosi wa shanga mkononi, akatazama juu, akarudi ndani kuwasha koroboi.

Nzisa aliingia na beseni. "Kwa Mama Seleyian kumekuwa usiku."

"Ni pawa saplai," Kisilu alisema, na akamweleza kama alivyoelezwa.

"Na kwa Macharia, upande huu mwingine?"

"Kwa Macharia ni mchana."

Nzisa aliweka beseni chini. "Baba Mulwa, sisi tulichukua nini kwa Naisenya?"

"Wacha nimalize hii ukurasa."

Nzisa alitoka akaanua nguo zake. Tangu siku ile aliacha kwenda kuazima chumvi kwa Naisenya, akawa anamtuma Mulwa dukani, hata jioni za mvua.

Ploti ya Kisilu, futi hamsini kwa mia, ilikatwa mwaka 1998 kutoka shamba la Parmuat, mume wa Naisenya. Wakati ule wajumbe wa ardhi waliokutana Kajiado hawakupitisha mauzo mpaka mke wa muuzaji asimame mbele yao na kusema kwa mdomo wake kwamba amekubali. Parmuat alisimama na mwanamke. Mwanamke alisema amekubali. Hakuwa Naisenya.

Kisilu alijua, kwa sababu wiki mbili kabla alikuwa amekunywa chai kwa Naisenya, na ni yeye aliyemmiminia. Alikuwa amemwonyesha hata upande wa shamba anaoupenda, penye migunga mitatu, ambapo watoto wa mbuzi hulala jua likiwa kali. Parmuat alikuwa hajamwambia mkewe kwamba mgeni amekuja kuangalia upande huohuo. Mwanamke wa Kajiado alivaa sweta ya kahawia, na aliweka kidole gumba kwenye wino. Mjumbe mmoja alimgeukia Kisilu akamuuliza kama mnunuzi ana neno. Kisilu alisema hana.

Parmuat alichukua pesa akahamia Bisil. Naisenya alipata habari ya mauzo siku lori liliposhusha nguzo za ua. Aliwapelekea mafundi maziwa, akasimama akitazama migunga ikikatwa, kisha akarudi kwake.

Watu walilizoea upesi giza hilo la mchana. Macharia, aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda, alianza kumpelekea Naisenya mitungi yake asubuhi, kwa sababu punda alikataa kuingia gizani na kutoka tena kwenye jua mara mbili kwa siku moja. Msomaji wa mita alikuja mwisho wa Julai, akakuta mita ya Kisilu haijasogea, akaandika hivyo, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Kisilu naye alijifunza. Kuandika barua kulileta jioni ya kawaida. Kuchapa kwenye karatasi kulivuta zaidi, na printa ikifanya kazi kwa saa nzima nyota zilionekana juu ya boma la Naisenya, chache, upande wa Namanga.

Alijaribu kuchapa usiku ili asimdhuru mtu. Mashine haikuwaka. Usiku hapakuwa na kitu cha kuchukua.

Mwezi wa nane Naisenya alikuja, asubuhi, kabla mashine haijawashwa.

"Takwenya," Kisilu alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Naisenya aliitikia. Alikaa kwenye kiti alichopewa na kukunja shuka lake magotini. Alisema Seleyian anaolewa Desemba, na mama wa bibi harusi ndiye hutengeneza ukosi wake, si mtu mwingine. "Sasa, Baba Mulwa, nasikia mashine yako ikianza kunguruma, halafu kuku wangu wanapanda juu. Sikatai kazi yako. Kila mtu ako na tumbo. Lakini kwa koroboi, shanga ya buluu na ya kijani ni kitu moja. Nimefumua mara tatu. Juzi nilimaliza safu mzima, asubuhi nikaona nimevalisha msichana wangu rangi ya mjane."

"Pole sana, mama."

"Nipatie tu saa sita mpaka saa tisa. Saa hizo jua iko juu, naona vizuri. Hizo zingine chukua."

Kisilu alimpa neno lake. Alilishika siku tisa. Siku ya kumi dalali mmoja alileta makubaliano thelathini, ya shamba zima lililokatwa vipande kuelekea Tuala, na alitaka yote kabla ya Ijumaa. Kisilu alianza saa mbili asubuhi akamaliza saa kumi na moja jioni, siku nne mfululizo. Hakuangalia dirishani. Katika kila karatasi, chini ya jina la muuzaji, palikuwa na mstari wa mke wake kuweka kidole, na Kisilu aliunyoosha mstari huo vizuri, akiupa nafasi ya kutosha.

Kuanzia hapo Naisenya hakuja tena kuomba. Akipita njiani aliinua mkono. Kisilu aliinua wake.

Mwezi wa kumi na moja dalali alilipa. Kisilu alienda kwa Ouma akiwa na elfu nne mfukoni. Ile nzito ilikuwa bado pale. Aliiinua, akaishika kifuani muda mrefu kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebe.

"Hiyo ni mali safi," Ouma alisema. "Sasa ni elfu nne na mia mbili. Leta ile nyepesi nikupunguzie hiyo mia mbili. Lakini niko na kitabu hapa. Ikirudi lazima niandike sababu. Wale wawili niliandika 'haiwaki'. Wewe nitaandika nini?"

"Si uandike tu imerudi?"

"Mtu atakayenunua baada yako atauliza. Ataona jina lako, ataona mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja. Hiyo ni miezi mingi, boss."

Kisilu alitazama kitabu. Kilikuwa daftari la shule lenye jalada la buluu, limefungwa kwa uzi. Alifikiria watu wanaosimama kwenye kaunta ile wakisubiri simu zao na kusoma chochote kilicho mbele yao. Alirudisha ile nzito mahali pake, polepole, na kupangusa alama za vidole vyake. Kisha aliingia duka la pili, la Ndung'u muuza vyombo, akanunua taa ya karabai mpya, kubwa, pamoja na soksi zake mbili za kuwakia na lita tano za mafuta ya taa.

Aliipeleka mwenyewe kesho yake saa saba mchana, wakati mashine ilikuwa imezimwa na jua limejaa boma zima. Naisenya alikuwa ameketi mlangoni na shanga zake kwenye ungo. Ukosi ulikuwa umefika nusu.

"Hii inaangaza kama jua," Kisilu alisema. "Buluu itaonekana."

Naisenya alizungusha karabai, akaipigapiga ubavuni. "Ni nzito. Ni kitu mzuri. Ashe oleng, asante sana, Baba Mulwa." Aliiweka chini kando ya ungo. "Parmuat alikuwa hapa juzi kwa maneno ya harusi. Walimpatia pombe akaongea mingi."

Naisenya aliokota shanga moja kwenye ungo.

"Yule mwanamke wa Kajiado. Alikuwa mrefu ama mfupi?"

Kisilu aliangalia kuku waliokuwa wakichakura. Alikumbuka hata kifungo kilichokosekana kwenye ile sweta.

"Sikumbuki vizuri, Mama Seleyian."

"Hakuna maneno," Naisenya alisema. "Nilitaka tu kujua siku hiyo nilikuwa naonekana aje."

Alinyanyuka, akashika mikono ya Kisilu, akaifungua, akaitemea mate kidogo kwenye viganja, kama watu wake wanavyombariki mtu aliyeleta zawadi. Kisha akaketi na kuanza kujaza karabai mafuta.

Kisilu alirudi kwake viganja vikiwa wazi, mpaka vikakauka. Nzisa alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Alimwona akiingia hivyo, akarudisha macho kwenye maharagwe. Mezani palikuwa na makubaliano kumi na mawili ya kuchapwa kabla ya saa kumi. Kisilu alivuta kiti. Alisubiri dirishani mpaka alipoona karabai imewaka ng'ambo ya ua, rangi yake hafifu katika jua lile, ndipo akabonyeza.