Gauni la Saada

Nachingwea nzima hakuna mwanamke asiyeogopa maiti kama Bi Mwanne. Ameosha wengi, amefumba macho ya wengi, na akirudi kwake anakula ugali vizuri tu. Ila panya akidondosha kifuniko cha sufuria, Bi Mwanne huyo chini ya shuka, anasoma dua zote anazozijua, hata ile ya kuingilia chooni.

Asubuhi ya harusi ya Yasmini, huko Ruangwa, Bi Mwanne aliamka kabla ya wenzake, akalitungua msumarini gauni la marehemu dada yake, Saada, bibi wa bibi harusi. Lilikuwa sare ya harusi, kitenge cha kijani walichokatiwa wanawake wote wa ukoo. Lakini Saada peke yake ndiye aliyeagiza lesi nyeupe shingoni, kama alivyovaa tangu usichana. Nguo za marehemu haziguswi mpaka arobaini ipite, ndugu wakae wagawane, na ya Saada ilikuwa bado. Hakuna aliyeliandika hilo popote, na hakuna asiyelijua.

Sare yake mwenyewe Bi Mwanne aliiacha kwenye mfuko wa safari. Alikuwa na jambo lake. Wakwe wa Chinongwe walishajiandaa, wazee wakasema harusi isiahirishwe, basi kila mtu akafunga mdomo kuhusu msiba, bibi harusi asije akalia. Kitanda cha Saada kikapangwa masufuria. Bi Mwanne alitaka mtu mmoja tu amtaje dada yake. Mmoja, hata kwa kumtukana.

Alipotokeza uani, wanawake walikuwa wakimenya vitunguu na kuwasimanga wakwe. Masimango yakakatika. Mmoja wao, Mwanawetu, akasogea mkekani, akaacha nafasi ya watu wawili. Shakila, ambaye angeweza kumwambia shehe kanzu yake fupi, alimnawisha mikono akitazama chini. Bi Mwanne akamuuliza kama gauni limemkaa. Shakila akajibu kwamba wali unaungua, akaondoka. Wali ulikuwa haujainjikwa.

Hapo ujasiri ukaanza kumwisha. Lesi ilimkwaruza. Akagundua ameketi ameegemea upande wa kushoto, kama Saada alivyokaa tangu nyonga ilipomharibikia. Akajinyoosha. Baada ya kitambo mwili ukarudi wenyewe kushoto. Na watu hawakumpita mbele tena. Wote walizunguka nyuma.

Mwamini, binti wa Saada na mama wa bibi harusi, akatoka jikoni na sinia la vikombe. Alimwona kwa mgongo.

"Mama," akasema taratibu, "umeshakunywa chai?"

Vikombe vikagongana. Bi Mwanne akageuka. Alichokitaka amekipata, na hakikumpendeza hata kidogo.

Mwamini akaweka sinia chini, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa nini amelivaa. Kuomba radhi kulikuwa kwepesi. Lakini ulimi wa Bi Mwanne haukuzoea.

"Kanipa mwenyewe," akasema. "Siku ile nilipokuja kumwangalia, ukaniachia ukaenda sokoni. Akasema, mdogo wangu, nikishindwa kufika, wewe nivalie."

Mwamini alikuwa amemuuguza mama yake mpaka mwisho, na zile siku za mwisho hakuambulia hata neno. Uso ukamlegea.

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

Bi Mwanne alipouona uso ule, akaona amwongezee mtoto wa watu kidogo.

"Kwa mdomo wake. Akalijaribu na gauni, hili hili. Nikamshika mkono, akajitazama kwenye kioo, akacheka."

"Akacheka." Mwamini alikuwa akiipapasa lesi kwa vidole viwili.

"Mpaka akakohoa."

Vidole vikasimama.

"Mama mdogo," Mwamini akasema, "gauni hili fundi Ashraf alilileta siku ya mazishi. Nililipokea mimi mlangoni, mikono yangu imelowa maji ya kumwoshea. Sasa niambie, uliyemshika mkono ni nani?"