Chati ya Uzi wa Nzilani

Mimi Kaluki sipendi kubishiwa, na mwaka 1987 nilikuwa na chati ya kunitetea. Nilifunzwa kuichora kwa wiki mbili mjini Kitui: kila Ijumaa pima upana wa midomo ya vyondo vinne, vikapu vyetu vya mkonge, vya kila msusi, tafuta wastani, weka nukta. Nukta zikicheza kati ya mstari wa juu na wa chini, kazi ni sawa. Zikipanda mfululizo, kuna kitu kimeharibika, hata kama mnunuzi bado hajalalamika.

Kikundi chetu cha ususi, pale Kabati, kilikuwa na wasusi sita, kila mmoja na msokotaji wake wa nyuzi za mkonge. Mimi nilimsokotea Nzilani, na nilijua uzi wangu hauna dosari. Lakini nukta zake zilipanda wiki tano, ya tano ikaruka mstari wa juu. Vyondo vilikuwa vipana mno. Mwenyekiti wetu, Syokau, akataka Nzilani aondolewe kwenye oda ya ng'ambo, ile iliyokuwa ikimsomesha binti wa Nzilani. Nikamuunga mkono, tena kwa sauti.

Nzilani hakulia. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mwaitu, mama, hii chati yako inapima mwisho wa kazi. Pima na mwanzo pia, halafu nitaenda."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Stooni tulihifadhi kipande cha kila bunda la uzi, chenye tarehe. Nikazungusha kila kipande kwenye rula mara ishirini, nikapima nafasi iliyochukua, nikachora chati ya pili. Nyuzi za wengine zilitulia. Uzi wangu ulinenepa wiki baada ya wiki, na nukta zake zilianza kupanda wiki moja kabla ya zile za vyondo; uzi mnene ndio uliopanua midomo. Tangu nipewe kalamu ya chati, nilikuwa nikisokota harakaharaka ili niwahi kukagua kazi ya wenzangu. Nyani haoni kundule. Niliona aibu sana.

Niliibandika chati hiyo ukutani mwenyewe, nikawaambia wote kosa ni langu. Nzilani akabaki kwenye oda, na mimi nikamkabidhi kalamu.

Ijumaa iliyofuata aliweka nukta ya uzi wangu juu kidogo ya mstari wa katikati. Nikamwambia amepima vibaya. Akapima tena mbele yangu, ikatoka palepale. Nilicheka mpaka Syokau akauliza kuna nini.