Benchi la Kinu cha Pili

Mhandisi mpya aliondoa benchi la mbao kando ya kinu cha pili cha saruji ili watu wasikae kizembe. Mwezi ule uzalishaji ulishuka. Kinu kilisimama mara sita, na kila mara beringi inayobeba mhimili wake ilikutwa imeungua. Uongozi ukampa hadi Ijumaa aeleze sababu; akishindwa, zamu moja ingefutwa na watu kumi na wanane wangerudi nyumbani.

Alipekua mikanda, mota na vipimo vya joto hadi akaishiwa. Jumatano akashuka chini, kalamu sikioni, akamwendea mwendeshaji wa kinu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Pacha.

"Mama, zamani mlijuaje kuwa beringi inachoka?"

"Heh! Leo injinia amekumbuka tuna midomo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mhandisi akaishusha kalamu. "Nimechelewa, lakini nimekumbuka."

"Basi usicheke. Tulijua kwa makalio."

Hakucheka. "Kivipi?"

"Benchi lilifungwa kwa boliti kwenye msingi wa kinu. Ukikaa, mtetemo wote unaupata. Beringi ikikauka, kinu kinakutekenya upande mmoja. Tunazima, tunatia grisi, tunawasha. Wewe ukaona wavivu wamejikalia."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuja na fundi na spana, mwanangu. Swali ulilisahau ofisini."

Alhamisi asubuhi benchi lilirudishwa na boliti zake nne. Mhandisi akakaa, akasikia baridi ya mbao tu.

"Umekaa kama mkwe," Mama Pacha akamwambia. "Tua uzito wote!"

Akatua. Saa tatu na nusu akahisi kitu kikimgonga paja la kushoto, kidogo kidogo, kama kidole.

"Hapa!" akaruka.

"Mimi nimeihisi kitambo, nilikuwa nakungoja wewe," alisema Mama Pacha aliyekaa kando yake, mkono tayari kwenye swichi. Walipofungua, beringi ya kushoto ilikuwa moto na grisi imekauka. Dakika kumi na mbili baadaye kinu kilikuwa kinasaga tena.

Ijumaa mhandisi alipeleka ripoti ya ukurasa mmoja. Kwenye sehemu ya sababu aliandika: "Niliondoa benchi bila kuwauliza wanaolikalia." Mkurugenzi akaisoma mara mbili, kisha akashuka kujionea. Zamu haikufutwa.

Wiki sita zikapita bila beringi kuungua. Mama Pacha akaleta ombi moja tu: benchi liongezwe urefu, maana mkurugenzi akija hukaa katikati, na ni mnene.