Siku Jeshi Lilipotugawia Anga

Mimi na Afande tumeoa mtu na mdogo wake, kwa hiyo ni wanyumba. Tena tunafanya kazi chumba kimoja: mimi naongoza ndege za abiria, yeye za kivita. Viti vyetu vimepeana migongo, akipiga chafya kinatikisika changu. Lakini kanuni inasema tukipatana jambo lolote la ndege, lipite kwenye simu lirekodiwe. Basi tunapigiana simu kama wapenzi wa mbali.

Ugomvi wetu wa kila siku ni eneo la mazoezi, kipande kikubwa cha anga ambacho jeshi likiwa ndani, ndege zangu zinazunguka nje kama kuku waliofungiwa banda. Kazi yangu kuomba, kazi yake kunyima.

Siku hiyo mama mkwe wetu alikuwa angani.

Mama mkwe akija hakai siku mbili. Anakaa mpaka mapazia yabadilishwe. Kumekucha tu, anakagua masufuria na kukuuliza mbona umenenepa upande mmoja. Wake zetu walishakata shauri: akitua kabla ya saa nane, Afande akiwa bado kazini, mke wangu atampokea na atafikia kwangu. Akitua baadaye, zamu ya Afande imeisha, atampokea yeye na atafikia kwake.

Simu ikalia. Nyuma yangu hapo hapo.

"Mwanyumba," sauti ya Afande asali tupu, "unataka eneo? Chukua. Lote."

"Si vijana wako wanne wako ndani?"

"Nimewarudisha. Wanatoka sasa hivi."

"Usiwakatishe mazoezi, Afande! Ulinzi wa nchi kwanza. Sisi tutazunguka."

"Mpitishe mama, bwana. Mtu mzima yule, miguu inamvimba."

"Miguu gani? Safari iliyopita kapanda juu ya paa langu kukagua mabati!"

Mkuu wa zamu, mama mmoja asiyecheka kazini, akavua miwani. "Miaka yote mnang'oana macho kwa eneo hili. Leo mnasukumiana kama kiporo? Mna homa?"

"Namheshimu tu mwenzangu, mkuu."

"Afande, eneo liko wazi?"

"Jeupe, mkuu."

"Basi mpitishe."

Nikashika redio shingo upande, nikamwambia rubani anyooshe moja kwa moja.

"Rudia?" akasema.

Nikarudia.

"Unaniambia mimi?" Rubani wa watu karibu alie. Hajawahi kupendwa hivyo.

Afande akaanza kupiga mluzi. Mimi nikaanza kuyaaga masufuria yangu.

Halafu mnara wa uwanja ukapiga. Uwanja una barabara moja tu ya ndege kutua na kuruka, jeshi na raia tunagombania hiyo hiyo. "Kuna ndege nne za kivita zimerudi mapema," wakasema. "Hatujui nani kazifukuza. Wahudumu wao wamekwenda kula, hazina wa kuzivuta, zimeziba njia ya kutokea barabarani. Huyo wako mzungushe hewani."

Mluzi ukakatika.

Nikampigia Afande, maana kanuni ni kanuni. "Vijana wako wameziba njia."

"Waambie wasogee!"

"Waambie wewe. Watoto wako hao."

Akapiga kambini, anatafuta mtu yeyote wa kuendesha trekta la kuzivuta. "Hata mpishi! Hajui? Basi mpe nimfundishe kwa simu!"

Saa nane ikafika, na mwenzake wa kumpokea zamu naye akafika. Afande kang'ang'ania kiti. "Niache kwanza, nina dharura."

"Dharura gani?" mkuu akauliza.

Afande akaitazama simu inayorekodi. Akanyanyuka.

Ndege ya mama ikatua trekta likiwa bado linafuka moshi.

Baadaye nilichungulia dirishani. Afande amesimama wima na kofia yake. Mama mkwe akamzunguka kama anakagua gari la kununua, akamfunga kifungo cha shati, akamtwisha begi la kwanza, la pili, kisha pazia refu lililokunjwa vizuri.

Alikuwa ameleta na fimbo zake za kutundikia.