Rotaveta ya Mjomba

Mtaa wetu una amani ya kutisha. Amani hiyo inalindwa na kamati, na kamati inaongozwa na Mwenyekiti, mtu mwembamba tuliyembandika jina la Kanuni kwa sababu hawezi kukusalimu bila kutaja kifungu. Kifungu kilichotuhusu sisi kilisema hivi: trekta tupu ni gari, na gari hulala kwa mwenyewe. Ikifungwa kifaa cha kazi ndani ya mtaa, inageuka kiwanda. Ukikutwa na kiwanda mara ya tatu, trekta inahama.

Mjomba alikuwa ameshakutwa mara mbili.

Trekta yenyewe ni ndogo, inaingia getini kwa adabu kama mkwe, lakini ndiyo inayotulisha sisi na Bibi, na ndiyo inayonirudisha bweni kila muhula. Hatukuwa na pengine pa kuilaza. Ukiiacha kando ya barabara, asubuhi utakuta alama za matairi tu. Wala hapakuwa na pengine pa kuifungia rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka, isipokuwa uani kwetu penye sakafu ya saruji. Nje ya mtaa ni mawe matupu, na rotaveta ikikaa mshazari utaisukuma mpaka ngiri ikutoke.

Kwa hiyo Mjomba alifunga kwa kuvizia, geti limefungwa, nyundo imeviringishwa tambara. Na mara zote mbili, kabla hajafikia pini ya mwisho, Kanuni alibisha hodi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mjomba alisema, akimkazia macho fundi cherehani wa jirani, ambaye dirisha lake linatazama uani kwetu.

Mimi nilikuwa na washukiwa zaidi. Fundi alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa upande wa pili, aliyemwagilia waridi moja asubuhi na jioni, na waridi lenyewe liko chini ya ukuta wetu. Waridi gani lina kiu namna hiyo?

Bweni tuna dawa ya watu wanaopeleka habari kwa mwalimu wa zamu. Unampa kila mmoja uongo wake, kisha unakaa kitako kungoja uongo upi utarudi umevaa viatu.

"Shikamoo fundi. Jumamosi mtuvumilie kelele, Mjomba anafunga rotaveta."

"Marahaba. Kwani nimekuuliza?"

Jibu la mtu mwenye jambo rohoni. Mwalimu mstaafu nikampa Jumapili. Akasema, "Ahaa," akaendelea kumwagilia. Hiyo "ahaa" ilininyima raha. Bibi nikampa Jumatatu, kwa sababu haki haichagui ukoo.

Jumamosi hakuja mtu. Jumapili pia hakuja mtu, ila waridi lilinyweshwa kama kawaida. Nikaanza kumshuku hata paka.

Jumatatu asubuhi Mjomba akapigiwa simu: kuna shamba linamsubiri, aje sasa hivi. Kabla sijafungua mdomo alishairudisha trekta nyuma mpaka kwenye rotaveta. Akaingiza mikono miwili ya chini, ile ya chuma nyuma ya trekta, akapiga pini, akafunga mkono wa juu, akaanza kuhangaika na shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha visu.

"Mjomba, ngoja kwanza."

"Ngoja ya nini? Nishikie hapa!"

Hodi.

Nilimgeukia Bibi. Alikuwa kwenye kiti chake, anautazama ukuta kana kwamba umeandikwa kitu.

Kanuni aliingia na mlinzi wa mtaa. Akaizunguka trekta mikono nyuma, kama daktari asiye na habari njema.

"Mara ya tatu, bwana."

"Haijafungwa," Mjomba akasema. "Shafti bado. Bila shafti hiki ni kichuguu cha chuma tu."

"Imening'inia kwenye trekta. Trekta itoke leo, isirudi."

"Itoke iende wapi? Nikailaze kichwani?"

"Subiri," Bibi akasema. "Itoke nini? Mimi nilikuita uje kuchukua hilo jembe."

Mjomba aliachia spana.

"Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi. Kwa simu yako, ukiwa bafuni."

"Miezi yote hii namnunia fundi wa watu!"

"Mnunie, si ulipenda mwenyewe?" Akaielekezea shafti mkongojo wake. "Hiyo ilikuja na gamba lake la plastiki. Umelitupa nyuma ya tangi, eti linachelewesha kufunga. Mimi nimemwona mtu shati lake limeshikwa na chuma kama hicho, kikamvuta. Nilikwambia mara ngapi? Unasema, 'Mama, kunywa chai.'"

Mjomba akatazama mkono wa shati lake. Ulikuwa umefunguka kifungo.

"Nilidhani wanabeba jembe, wanaacha trekta," Bibi aliendelea, sauti imeshuka. "Sikujua wanahamisha riziki yote."

Kanuni akakohoa. "Kwa utaratibu wetu, mama, mlalamikaji akifuta lalamiko, kamati haina cha kuandika."

"Nitafuta shafti ikivaa gamba lake."

"Mama, watu wananisubiri shambani!"

"Basi fanya haraka."

Kuvalisha gamba si mchezo. Shafti inachomolewa vipande viwili, kila kipande kinaingizwa kwenye bomba lake, na kijino cha plastiki kinagoma kama punda. Mjomba alitukana kwa heshima, kimoyomoyo. Mwishowe Kanuni mwenyewe, Mwenyekiti wa amani, alichuchumaa na kushika upande wa pili, mikono ikaingia grisi hadi vifundo. Kijino kikaitika: ta!

Bibi alilizungusha gamba kwa kidole, akatikisa mnyororo wake wa kulizuia lisizunguke na shafti. Kanuni alisimama, akajipangusa kwa kitambaa.

"Basi, mama, tunaandika limefutwa?"

"Sijafuta," Bibi akasema. "Nimeliweka pembeni. Mimi ninakaa hapa hapa, na huyu ninamjua, nimemzaa."

Mjomba alipanda trekta. Alipofika getini akageuka kumtazama Bibi, kisha akashuka, akalikagua gamba mara nyingine, ndipo akatoka.

Bibi alinipa uso mzima.

"Na wewe mjukuu wangu, mimi ulinipa Jumatatu. Fundi ulimpa siku gani?"