Alama Mlangoni

Ekwam alimfikisha ngamia wake Lodwar mapema, lakini moyo ulikuwa umebaki nyuma unavuta kamba. Watu wa magari ya kifahari hawamwiti mchunga ngamia bure. Namuria, binti wa ukoo wao aliyeajiriwa na kampuni, alikuwa amemwambia ni picha tu: ngamia upande huu, gari jipya upande ule, kisha gari liende kuonyeshwa Kakuma.

"Ejok, kaka! Weka sahihi hapa," Namuria alimsalimu, akimsogezea karatasi ya Kiingereza.

"Ejok. Karatasi ingoje. Mgeni aonekane uso kwanza, ndipo apewe mkono."

Kitambaa kilichofunika gari kikavutwa. Vigelegele. Gari likameta jeusi, viti vyake vya ngozi vikinukia hadi nje. Ekwam hakuona viti. Aliona mlangoni mistari mitatu na duara: alama ile ile ya ukoo ambayo babake aliichoma pajani mwa ngamia huyu, na babu pajani mwa ngamia wake kabla yake.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Ni heshima kwetu Waturkana. Mchoraji aliipenda pichani. Ukitia sahihi, magari yote ya aina hii yatakuwa nayo."

"Kumbe mmechoma kwanza, ndipo mwaniuliza."

"Ni urembo tu, kaka!"

"Urembo? Mnyama mwenye alama yangu akikutwa zizini mwako, nakuuliza swali moja: umempata wapi? Ukikosa jibu, naondoka naye."

"Huyo haswagwi, bwana, anakunywa petroli!" mzee mmoja akachokoza. Umati ukacheka.

Ekwam hakucheka. Akavuta kamba, na ngamia akapiga magoti mbele ya gari. Dereva akapiga honi. Ngamia akacheua.

"Namuria, mifugo ya baba yako ina alama gani?"

Namuria akatazama chini. Kisha akainama, akapenyeza ukucha chini ya stika, akaibandua yote na kumpa.

"Haya, yamekwisha. Mwinue ngamia, tunachelewa Kakuma."

Upesi mno, Ekwam akawaza. Akaitia stika kibindoni, akaanza kulizunguka gari polepole.

"Kaka, unaenda wapi tena?"

"Kuutazama ubavu wa pili."

"Kaka, ngoja..."

Mistari mitatu na duara. Ekwam akarudi, akafungua kamba shingoni mwa ngamia, akaifunga kwenye gurudumu la mbele, kwa fundo lile la mnyama aliyepotea akapatikana.